Kabichi la Mwenzangu na Nanasi Langu

Jumanne, 4 Machi

Kuku amedonoa kabichi la Mama Kabichi. Leo asubuhi, mbele ya karakana nzima! Yule kuku mwekundu wa jirani, asiye na adabu. Kaingia mlangoni, kapita meza yangu bila hata kugeuza shingo, karukia meza ya mwenzangu na kulidonoa jani. Jani la udongo uliochomwa! Mdomo ukagonga ko. Kuku kashangaa. Watu wakapiga makofi.

Mimi natengeneza vyura. Miaka na miaka, vyura. Hakuna kuku, bata wala nyoka aliyewahi kumwangalia chura wangu mara mbili. Mwezi uliopita mteja alimshika mmoja, akamgeuza juu chini, akauliza hiki kiazi ni cha pambo au cha kuzuia mlango.

Nasema ukweli, maana hapa hanisikii mtu: nina wivu. Si wivu wa kupita njia. Huu umejenga kwangu na kuezeka.

Mama Kabichi kaja juzijuzi tu. Zamani alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Hakujua hata kukanda udongo, mimi ndiye niliyemwonyesha! Hilo jina pia nilimpa mimi, kwa kejeli, siku alipotengeneza kabichi lake la kwanza. Yeye akacheka, akaliandika kwenye kibao na kukisimamisha mezani. Utamtukana vipi mtu wa namna hiyo? Tusi lako analigeuza tangazo.

Sasa kuna hili. Jumatano ijayo anakuja mchaguzi kutoka ukumbi wa maonyesho. Wanaandaa maonyesho ya mimea na viumbe. Kutoka karakana yetu atachukua kazi moja. Moja tu! Mke wangu ameshatoa hukumu. Nikichaguliwa, niendelee na udongo wangu. Nisipochaguliwa, Jumatatu inayofuata naanza kazi kwa shemeji, kaka yake, mwenye duka la vyoo na masinki. Shemeji mwenyewe amesema nisijali, vyoo navyo ni udongo. Alisema hivyo huku akinipigapiga begani.

Sitauza vyoo. Afadhali nile udongo.

Jumatano, 5 Machi

Upelelezi. Mama Kabichi alitoka kwenda kunawa, nami nikafunua kile kitambaa anachofunikia kazi yake. Nikakuta kabichi kubwa la udongo, la maonyesho, tayari limeshachomwa mara ya kwanza, linangoja glezi. Hiyo ni rangi ya unga tunayopaka, ikiingia motoni inayeyuka na kung'aa kama kioo. Na kando yake? Kabichi halisi! La sokoni, lina mpaka kamba!

Nikajua nimemkamata. Anakandamiza majani halisi kwenye udongo. Mwizi!

Akanikuta nimeinama hapo, pua kwenye jani. Hakukasirika. Alinivutia kiti. Akanieleza kila kitu bila kuulizwa: kwamba hakandamizi chochote, anakaa tu na kabichi analitazama mpaka lichoke, kwamba mishipa ya jani isomwe kwa nyuma, maana kwa mbele inajificha, kwamba anaanza na jani la ndani kabisa na kuvisha kwenda nje, moja moja. Jioni, akasema, hilo la mfano analipika.

Kisha akaniuliza, kaka, chura wako wa mfano yuko wapi? Nikamwambia yumo kichwani. Akauliza kwa upole huyo wa kichwani ana vidole vingapi vya mbele. Nikasema vitano, kama watu. Alitabasamu tu, lile tabasamu la kuambia mtu afungue mdomo.

Nyumbani nilifungua kitabu cha sayansi cha mwanangu. Vinne. Miguu ya mbele ni vinne! Nimetengeneza vyura wangapi, Mungu wangu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Mtu mwingine angeenda kutafuta chura akamtazama. Mimi nina akili zaidi. Kama siri ni kukitazama kitu halisi, kwa nini nisitumie kitu chenyewe? Kila mfinyanzi anajua: chovya sponji kwenye uji wa udongo, ichome, sponji inaungua na umbo linabaki, kila kitundu mahali pake. Hakuna kutazama, hakuna kuvisha jani moja moja.

Nikainua macho. Juu ya kabati la jikoni lilikuwepo nanasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelipaka nanasi uji wa udongo kuanzia taji hadi kitako. Limekuwa zuri, acha tu! Kila jicho, kila mwiba. Ningekaa mwaka mzima nisingeweza kuchonga hayo. Na sikuchonga. Raha iliyoje!

Tatizo dogo. Nanasi lilinunuliwa kwa ajili ya shemeji, aliyekuja kula nasi jioni kunieleza utaratibu wa dukani. Mke wangu akauliza liko wapi. Nikasema labda panya. Akauliza ni panya gani huyo anayebeba nanasi zima na taji lake kichwani. Nikasema panya wa siku hizi wamebadilika. Watoto wakacheka. Shemeji akasema hana neno, yeye hata maji yanamtosha, kisha akaanza kunieleza tofauti ya vyoo vya kukaa na vya kuchuchumaa. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma.

Tatizo la pili ni kukauka. Nje limekauka, ndani ni nanasi. Nimeazima kimyakimya mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kupanga tanuri. Tuna tanuri moja, na mwenyewe ni mwanamke mmoja wa sauti nzito, kila mtu anamwita Mwenye Tanuri, hata mumewe. Sheria zake ni mbili. Kwanza, kitu chenye uwazi ndani lazima kiwe na tundu, mvuke upate pa kutokea. Pili, shavu. Kila kazi mbichi anaiweka shavuni kama anayembembeleza mtoto. Ikiwa ya baridi, bado ina maji, haiingii. Hajawahi kukosea. Watu wazima wamelia mbele ya shavu lile.

Nikajifungia msalani na mashine ya nywele. Nikalipuliza nanasi mpaka zamu yangu ilipofika. Mwenye Tanuri akaliweka shavuni, akaruka. Akasema lina moto kama mkate. Nikasema lilikuwa juani. Akachungulia nje. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasema jua la nyumbani kwetu.

Akauliza mbona zito. Nikasema nimelipa ukuta mnene. Akauliza tundu. Nikamwonyesha tundu kwenye kitako. Ni la urefu wa ukucha tu, baada ya hapo ni nanasi, lakini kwa juujuu ni tundu kama matundu mengine. Akaguna, akalipokea.

Sasa sehemu tamu. Katika tanuri lile, rafu ya katikati ndiyo kiti cha mbele: moto unafika sawa, glezi inatoka safi. Chini pembeni ni jalalani. Mwenye Tanuri aliweka kabichi katikati, tayari limepakwa glezi yake ya kijani. Nanasi langu akalitupa chini pembeni! Kisha simu yake ikaita, akatoka nje kupata mtandao.

Nilibadilisha upesi. Nanasi katikati, na vyura wangu watano kulizunguka kama walinzi. Kabichi chini pembeni. Na ili moto usilifikie vizuri, nikalisimamishia mbele kipande kinene cha rafu iliyovunjika. Nikarudi kwenye kiti changu na kupiga mluzi; yeye akarudi, simu bado sikioni, akafunga mlango wa tanuri bila kuchungulia.

Mama Kabichi akanipitia kuniuliza kama nimekunywa chai. Akaniachia nusu ya maandazi yake. Nimeyala. Wivu ni kazi inayotia njaa.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda karakana kushuhudia moto wangu. Nikamkuta Mwenye Tanuri amekaa kwenye kigoda chake, anasikiliza redio ndogo. Tanuri lilikuwa bado linapasha tu. Nikakaa naye. Nikajisikia mwema kabisa, nikamsifia hata redio.

Kwanza ulikuja mlio. Puu! Mlango wa tanuri ukatikisika. Redio ikaanguka. Kisha milio midogomidogo, kama mtu anaangusha sahani moja baada ya nyingine, bila haraka.

Mwenye Tanuri akasema bila kusimama kwamba kuna kilichopasuka. Nikauliza kwa sauti nyembamba kama hatuwezi kufungua kidogo tuone. Akasema kilichokufa kimekufa, hawezi kuzima moto akaharibu na vilivyo hai.

Kisha ikaja harufu. Tamu! Ikajaa uani, ikatoka barabarani. Jirani mwenye kuku akachungulia ukutani na kuuliza nani anapika jemu. Mwenye Tanuri akanigeukia. Nikasema huenda ni udongo mpya, una harufu. Akasema udongo mpya kauleta yeye, na hauna.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu kanisogelea, akanusa shati langu, akaenda zake jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Tanuri limefunguliwa. Niandike haraka kabla sijalia.

Rafu ya katikati ni msiba. Vyura wangu wote watano! Kichwa huku, mguu kule, tumbo halijulikani ni la nani. Nanasi halipo. Halikuvunjika, halipo! Kimebaki kichaka cha majani ya taji, kimenata kwenye dari la tanuri, kimening'inia kama taa.

Mwenye Tanuri akasema ndiyo matokeo ya kuta nene. Watu wakanipa pole. Mama Kabichi akaokota mguu wa chura, akaufuta kwa khanga yake, akasema pole sana kaka, machozi yanamlengalenga. Machozi ya kweli! Nikamchukia zaidi.

Kisha wakasogeza kile kipande cha rafu iliyovunjika.

Kabichi zima. Jani halijapata hata ufa. Nililijengea ngome mwenyewe! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikajifunika na udongo. Lakini hayo si mabaya. Mabaya ni haya: nanasi lilipopasuka, chembe zake ziliruka juu ya ile ngome zikatua kwenye kabichi, glezi ikiwa bado ni unga. Moto ulipopanda, glezi ikayeyuka na kuzimeza. Sasa kabichi lina chembe za udongo kwenye mikunjo ya majani, vijidoa vya kahawia, na ukingoni kuna mahali pameliwa kama na kiwavi. Lilikuwa kabichi zuri. Sasa ni kabichi la shambani, limenyeshewa mvua jana.

Mama Kabichi alihuzunika, akasema limechafuka. Nikamwambia kweli, limechafuka vibaya, asithubutu kumwonyesha mtu. Akanishukuru kwa ushauri.

Jumatano, 12 Machi

Mchaguzi kaja. Mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Mezani kwangu palikuwa na chura mmoja, niliyemchukua nyumbani kwenye mlango wa stoo. Mchaguzi akaweka koti lake juu yake.

Mama Kabichi alikuwa amelifunika kabichi kwa aibu. Mwenye Tanuri, mwanamke asiye na siri, akalifunua. Mchaguzi akavaa miwani. Akapiga magoti! Nimekaa kwenye fani hii maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunipigia hata goti moja.

Akasema majani mazuri ameshayaona, si haba. Lakini huu uchafu! Hizi chembe za udongo, haya mavi ya viwavi! Akasema mkono uliozitawanya ni mkono wa bingwa. Mama Kabichi akamwambia ukweli, kwamba hakuzitia yeye, ziliangukia humo motoni kwa ajali. Mchaguzi akatugeukia akasema mnaona, na unyenyekevu pia anao.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kitu! Ajali ni ajali, pole nimeshapewa. Lakini mtu asifiwe kwa chembe zangu, nami nimesimama pale nalinda koti?

Nikasema kwa sauti kuu kwamba bingwa ni mimi. Zile chembe ni zangu! Mchaguzi akauliza zangu vipi. Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, hatua kwa hatua: nanasi halisi, uji wa udongo, mashine ya nywele, tundu la uongo, na jinsi nilivyolihamisha kabichi kwa mikono yangu hii hii na kulizibia moto. Nikamaliza kwa kuinama kidogo, kama wanavyofanya jukwaani.

Mwenye Tanuri akaniomba nirudie pale kwenye halisi. Nikarudia. Akaniomba nirudie pale kwenye mashine ya nywele. Akajishika shavu lake.

Kabichi limechaguliwa. Mimi nimepigwa marufuku kulisogelea tanuri, hata kuota moto. Mchaguzi aliondoka na koti lake, chura akadondoka naye hakugeuka. Mke wangu amepokea habari na mashine yake ya nywele, ambayo sasa inatoa vumbi.

Ijumaa, 14 Machi

Ajabu! Mama Kabichi amekuja nyumbani. Amekaa sebuleni kwangu, kanywa chai, kawasifia watoto. Mke wangu kampenda papo hapo, msaliti.

Kumbe ukumbi hautaki kabichi moja tena. Unataka shamba! Tuta zima la makabichi, yote yawe na ule uchafu. Amejaribu kunyunyiza chembe kwa mkono, zinakaa kama pilipili manga. Hawezi. Akasema kaka, mimi majani nayaweza, lakini uchafu wako siwezi. Ameongea na Mwenye Tanuri. Nyuma ya karakana kuna lile tanuri dogo bovu, hata likipasuka hakuna wa kulililia. Mwenye Tanuri amekubali nipasulie humo chochote ninachotaka, mradi nimwambie ukweli ni nini. Kazi iwe ya watu wawili, majina mawili.

Mke wangu aliacha kupanga vikombe. Alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Nilihitaji kusema ndiyo tu. Neno moja, na vyoo vinatoweka.

Nikasema jina langu litangulie. Mama Kabichi akasema sawa.

Sawa? Upesi hivyo? Nikasema liandikwe kubwa kuliko lake. Akasema sawa, ukipenda hata langu lisiandikwe, yeye anachotaka ni kuliona shamba limekamilika.

Hapo nikashtuka. Nani anagawa jina lake kama maandazi? Mtu akikubali kila unachoomba, ujue anachopata ni kikubwa kuliko ulichoomba. Kuna kitu ananificha! Anataka akishajua upasuaji wangu anitupe. Mimi nisingekubali hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo yeye, anayekubali yote, hatari yake ni kubwa kiasi gani?

Nikamwambia hii ni siri ya fani na siwezi kuitoa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akasimama, akamshukuru mke wangu kwa chai, akasema mlango uko wazi kaka, siku yoyote. Mtego juu ya mtego!

Nilipofunga mlango nilijisikia mshindi. Nikamgeukia mke wangu ili anipongeze. Alikuwa ameshatoa pasi, ananyooshea shati langu la Jumatatu.

Jumatatu, 17 Machi

Dukani kwa shemeji. Nimepewa aproni na sehemu yangu: vyoo, safu mbili, nyuma ya nguzo. Shemeji kanitambulisha kwa wafanyakazi kama msanii. Wakacheka kwa heshima.

Nimesikia habari. Mama Kabichi amemchukua yule mtengeneza vyungu vya maua wa meza ya mwisho, wanalipua makomamanga pamoja. Inasemekana wamefanikiwa. Inasemekana majina yao yanalingana kwa ukubwa. Nilipoambiwa nilienda kujifungia kwenye stoo ya mabomba nikalia kidogo, kwa hasira, si kwa kingine.

Lakini sina nafasi ya kumfikiria huyo, maana hapa kuna mtu mbaya zaidi. Dada wa vigae! Yeye kapewa mbele, karibu na dirisha, penye mwanga. Ana vigae vya sakafuni vilivyotengenezwa vikafanana na mbao, na mistari yake na mafundo yake, na amevipanga chini kama sakafu ya nyumba ya kweli. Kila anayeingia anasimama. Leo bwana mmoja alipiga magoti, akagonga kigae kwa kidole, akaapa kuwa ni mti. Goti la pili ndani ya wiki moja, na yote kwa watu wengine! Kwenye vyoo vyangu hakupiga goti mtu. Walipita haraka, wakiangalia pembeni.

Na huyo dada ni mwema, ndilo linaloniudhi. Mchana alikuja na kiti chake akaniambia, kaka, wateja wanapenda kuona kitu kama kitakavyokaa nyumbani kwao, ukitaka nitakusaidia kupanga vyoo vyako vizuri, tuvilete huku mbele tugawane dirisha. Tugawane! Ameniona mtoto?

Nimeshampangia. Shemeji ameniachia ufunguo wa kufungua duka kesho asubuhi, kwa kuwa ananiamini. Nitawahi. Vigae vyote vinakwenda nyuma ya nguzo, kwenye giza, na vyoo vinakuja dirishani. Safari hii hakuna cha kuharibika, maana vigae havipasuki vyenyewe. Akishakaa huko bila mteja, atakuja mwenyewe kuniomba nimfundishe kazi. Nitamkatalia.